Kidole cha Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Tangu jua litutoroke Novemba hapa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako halichomozi tena hadi Januari, jirani wa ghorofa ya tatu hupita kila Jumamosi mlango kwa mlango kukagua maua yetu ya vyungu. Hakuna aliyemwomba. Huchomeka kidole cha shahada kwenye udongo, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akakifuta kwenye suruali, palepale palipokwisha kuwa peusi.

"We Ragnhild, unaliua hili ua lako! Baridi hii maua yamelala. Wewe ukilala, nani anakumwagia ndoo ya maji?"

Akibisha hodi tu, sote tunaficha makopo ya kumwagilia.

Januari, siku jua liliporudi, tulijazana dirishani kwa Ragnhild, aliyekuwa amekaanga maandazi yaliyojazwa jemu ndani. Jirani ndiye aliyeuona mwali wa kwanza juu ya mlima. Machozi yakamlengalenga. Mkono wake ukapapasa mezani, ukatua kwenye andazi, na kidole kikazama hadi pingili ya pili.

"Maji yamezidi," akasema bila kugeuka. "La nani hili?"

"Langu," Ragnhild akajibu, "lakini naapa, sijalimwagilia hata tone!"