Unga wa Siku ya Kutetea

Kwetu Kigoma nikisema nilisoma Kisangani, watu hudhani nimekosea jina la mji. Nimechoka kuwaeleza kwamba mtu anaweza kuvuka ziwa kwenda magharibi pia, kwamba si lazima kila anayetafuta elimu aelekee Dar es Salaam. Kifaransa nilikipata Bujumbura kwa shangazi yangu aliyenilea, na huko huko nikasikia kwamba Kisangani wanajua kufundisha habari za misitu na wanyama wake. Nikaenda. Vita vilinikuta nimebakiza mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja ukageuka mitatu.

Nilipanga chumba katika komini ya Tshopo, sehemu mojawapo ya mji, kwa fundi cherehani na mkewe. Walikuwa Waislamu wa zile familia za zamani ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara. Watoto wao wanne walikuwa Kinshasa. Mto wa kwendea huko ulipofungwa na vita, habari zao zikakatika, hata wajukuu waliozaliwa huko wazee hawa hawakujua kama ni wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mezani nilikuwa peke yangu na Papa na Mama, na minofu yote mizuri ya samaki ilikuja upande wangu.

Nawakumbuka kila ninaposikia mchi unatwanga. Mama alikuwa anapika lituma, ndizi za kuchemsha zinazopondwa mpaka zikashikana, na alikuwa akiziponda kwa nguvu kama mtu mwenye ugomvi nazo. Nimejaribu kuipika hapa Kigoma mara nyingi. Inatoka ndizi tu.

Papa alipenda Kiswahili changu kupita kiasi. Mteja akiingia na suruali ya kutia kiraka, maana vitambaa vipya vilikuwa vimekwisha mjini, naitwa.

"Ongea kidogo," ananiambia. "Ongea ile Swahili yako ya redio, asikie."

Na mimi kwa kiburi changu naongea.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu panya wa msitu wa Masako. Alfajiri natembea hadi daraja la mto Tshopo, Mama akinisindikiza kwa sababu shamba lake la mihogo lilikuwa ng'ambo, naye hakupenda nipite peke yangu mbele ya askari. Baada ya daraja napanda toleka, zile baiskeli za kubebea watu, hadi msituni. Mitego natega kwa chambo cha ngazi, matunda ya mchikichi. Siku za njaa nilikula chambo chenyewe, na panya nao wakakaa na njaa yao. Niliowapata niliwapima mwili, mkia, sikio na unyayo, nikaandika daftarini.

"Donc," Papa aliniuliza siku moja mbele ya wateja, "baba yako alikutuma mbali hivi, upime mukia ya panya?"

"Na masikio, Papa."

"Na masikio! Alors, ukimaliza utakuwa nani?"

"Mtaalamu."

Akamgeukia mteja. "Umesikia? Mu nyumba yangu iko mutaalamu ya panya." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini kifua kilikuwa mbele.

Majeshi mawili ya kigeni yalipoanza kupigana katikati ya mji, tulilala sakafuni siku kadhaa. Mimi nililia wazi, sioni aibu kusema. Mama aliyachukua madaftari yangu yote, akayatia kwenye sufuria kubwa ya sherehe, akaifunika, akakaa ameiegemea kwa mgongo muda wote. Siku mizinga iliponyamaza, jambo la kwanza alilosema ni: "Kitabu ya panya iko mzima." Nami, badala ya kumwangukia miguuni, niliulizia kama daraja linapitika nikatazame mitego yangu.

Ndivyo nilivyokuwa. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nitetee kazi yangu mbele ya walimu, nipate karatasi yangu, nipande ndege ya mizigo, nirudi kwetu. Nilijihesabu mgeni, na mgeni hujiweka tayari kuondoka.

Sasa, Kisangani wana desturi yao. Mwanafunzi akishinda, ndugu zake humsubiri mlangoni na kumwagia poda kichwani, poda ya watoto wachanga, mpaka awe mweupe nywele na nguo. Hajipangusi. Anarudi kwao hivyo hivyo, kwa miguu, mji mzima uone. Wakati wa vita poda haikupatikana, wakawa wanatumia unga wa muhogo. Nilipoona mara ya kwanza nilikasirika. Watu wanalala na njaa, chakula kinamwagwa barabarani!

Karibu na siku yangu nikamwona Mama, kila akisonga fufu, ugali wao wa muhogo, anachota gao moja la unga na kulitia kwenye kopo juu ya kabati. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Nilijua vizuri ule unga ni wa nini, na nilijua pia kwamba wanne wake wa Kinshasa, kama walishinda mitihani, waliowamwagia ni watu wengine.

Basi mdomo wangu ukaniponza. Tulikuwa tunakula.

"Mama," nikasema, "usijisumbue na ule unga. Ni chakula, tule. Na wala msije siku hiyo. Kumwagiwa ni kazi ya ndugu, na mimi sina ndugu hapa."

Papa akaacha kutafuna. Mama akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza.

"Bon," akasema. "Sawa."

Nililala nikijisifu kwamba nimewapunguzia mzigo.

Siku ya kutetea nilijibu vizuri. Mwalimu mmoja alijaribu kunibana kuhusu mikia, nikamwonyesha vipimo vyangu mpaka akacheka. Nikapewa daraja la juu. Tukatoka wanne tuliofaulu, na nje watu wakavamia. Wenzangu watatu walipotea ndani ya wingu la unga, mama zao wakiimba, mjomba mmoja akipiga sufuria. Mimi nikasimama kando, gauni langu jeusi safi kabisa. Hakuna aliyenisukuma. Waliniacha nafasi, kama watu wanavyomwachia nafasi mwenye msiba.

Nikaenda kwa miguu. Sokoni mama mmoja muuza mboga aliyenijua akanitazama nywele, akashika mdomo.

"Pole, mutoto. Utarudilia mwaka kesho."

"Nimefaulu, mama."

Akanitazama tena nywele, akatikisa kichwa. Mbele kidogo mwenye toleka akanipakia bure kwa huruma, na njia nzima akanipa moyo kwamba hata kaka yake alianguka mara mbili. Akanishusha karibu na nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. "Uliréussir?"

"Ndiyo, Mama. Kwa daraja la juu."

"Alhamdulillahi." Akanishika mikono yote miwili, akaiachia.

Hapo nikapiga magoti pale pale kibarazani. "Mama, nimwagie."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Ile unga nilipika," akasema. "Ulisema tukule. Ingia, iko mezani."

Lilikuwa fufu kubwa, sijaona fufu kubwa namna ile tangu vita vianze. Tukakaa watatu. Nilikuwa na njaa, nikala.

Hatujamaliza, wanawake wa jirani wakaingia. Habari ilikuwa imefika kabla yangu: mgeni wa fundi ameanguka. Walikuja kutoa pole, mmoja na mkungu mdogo wa ndizi. Mama akasimama.

"Pole ya nini? Mutoto yangu aliréussir, tena ya kwanza kabisa."

"Na unga?" akauliza mwenye ndizi.

"Ni mi nilikosa. Vita ilitumalizia, sikukuwa na ata kidogo."

Wanawake wakalitazama lile fufu, kisha wakamtazama yeye.

"Mama gani anakosa unga siku ya mutoto wake?" akasema mmoja. "Ata kuja kuniomba mi?"

"Nilikosa akili," Mama akajibu. "Munisamehe."

Papa akanigeukia. Alikuwa ananingoja niseme. Neno moja lingetosha, na Kiswahili, kama alivyopenda kusema, nilikuwa nacho cha redio. Nikameza tonge langu, nikaomba maji.