Mpamba Vyumba Aliyezika Hariri Yake

Saa mbili asubuhi, Bi Biasha Mwinjuma amelala chali katikati ya chumba cha watu. Mikono ameiweka kifuani, khanga ameibana vizuri miguuni, na macho yake yanatazama bati. Mwenye nyumba amesimama mlangoni na ndoo ya chokaa, hajui aingie au arudi nje.

"Mama, vipi? Umeanguka?"

"Sijaanguka, mwanangu. Niko kazini. Hebu ninyamazie kidogo."

Hapa ni Mkuza, Kibaha, mwanzoni mwa Mei mwaka huu wa 1985. Mwenye nyumba ni Leodegar Gregori, karani wa serikali mwenye umri wa miaka 31, aliyehamia huku kutoka Mahenge. Mkewe, Stellamaris, amejifungua mtoto wa kike kwa kupasuliwa, na anatarajiwa kurudi nyumbani Jumapili. Leodegar anataka akute chumba "kama cha hoteli." Ndiyo maana amemwita mwanamke anayejulikana kote Kisarawe na Kibaha kwa kazi moja tu, kupamba vyumba.

Bi Biasha ana miaka 49. Hana kibao cha matangazo wala cheti. Amepamba vyumba vya maharusi tangu kabla ya Uhuru, na hajawahi kupigilia msumari kabla ya kulala kwanza sakafuni.

"Mtu akisimama anaona ukuta," anasema akiwa bado chini. "Lakini chumba si cha kusimama. Mwenye chumba atalala humu, ataugua humu, atalia humu. Sasa akilia ataangalia nini? Lazima nimtafutie kitu cha kuangalia."

Namuuliza kama maharusi nao hulia.

"Wewe umeoa, bwana mwandishi?" ananiuliza. Nikamjibu bado. "Basi ukioa utaona."

Huo ndio karibu mzaha wote niliousikia kwake kwa siku nne.

Kazi yenyewe ni ya kupendeza kuitazama. Chokaa anaichanganya na bluu ya kufulia kidogo sana, ukuta ukauke mweupe usiounguza macho. Sakafu ya saruji nyekundu anaisugua kwa kumbi la nazi mpaka inaanza kung'aa. Kioo anakitundika mahali ambapo mwanga wa dirishani utakigonga na kuangukia kitandani, si usoni mwa aliyelala. Godoro la sufi analifumua, anaichambua sufi kwa fimbo juani, kisha anaijaza upya, zaidi upande wa kiuno.

"Mapambo ni ya wageni, starehe ni ya mwenyewe," anasema. "Kimoja kikikosekana, nimekula hela za watu bure."

Kwa Stellamaris ameagiza kigoda kifupi chenye mgongo. Mwanamke aliyeshonwa tumbo, anaeleza, hawezi kunyonyesha akiwa ameinama. Leodegar hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria maua ya karatasi.

Mapazia yametokana na magunia ya unga, yaliyofuliwa mara tano na kutariziwa ukingoni kwa uzi wa buluu. Ukiyaangalia kwa mbali utadhani yametoka ng'ambo. Ukiyashika unasikia gunia.

Zamani hakushona magunia.

Mwaka 1982 Bi Biasha alikuwa na jozi 22 za shuka, mapazia tisa ya dirisha, foronya zilizofumwa kwa mkono, na vioo vitatu vikubwa. Alivikusanya kimoja kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Harusi ikifika anavikodisha na kuvipanga mwenyewe, fungate ikiisha anavifua na kuvirudisha sandukuni. Mwezi mzuri ulikuwa na vyumba vinne. Mwaka jana, mwaka mzima, alipata sita.

Na juu ya vyote hivyo alikuwa na hariri.

Ilikuwa hariri ya rangi ya zabibu, yenye zari, nyuzi za dhahabu, ukingoni, ya kufunika besera. Kwa asiyejua, besera ni ile sehemu ya juu ya kitanda cha nguzo nne, inayotandazwa kitambaa kikashuka pande zote. Hariri hiyo alipewa na somo wake, marehemu Bi Sikuzani, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Ilitundikwa juu ya Bi Biasha alipoolewa mwaka 1955. Hakuikodisha hata mara moja, ingawa wenye pesa waliiulizia. Ilikuwa inamsubiri Mboni, mtoto wake pekee aliye hai.

Kisha ukaja mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi.

Msomaji hana haja ya kukumbushwa miezi ile. Madukani hamkuwa na kitambaa, na aliyeonekana nacho kingi alitazamwa kwa jicho la pili. Watu walitupa sabuni mitoni na kuacha marobota ya nguo vichakani. Bi Biasha, mjane anayeishi Homboza, Kisarawe, alikaa akayatazama masanduku yake.

"Nikajiuliza, mwanamke mmoja, shuka arobaini na nne, stakabadhi hana, nani atanielewa?" anasimulia. "Nilikuwa sili. Mbwa akibweka nasema wamefika."

Mboni, aliyekuwa na miaka 17, alimwambia neno moja: "Mama, hivi ni vya kazi, si vya magendo. Twende tukamwambie mjumbe."

Mama hakutaka kusikia. Alimjibu mtoto kwamba hajui dunia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la choo kipya ambalo lilikuwa halijaanza kutumika. Waliviringisha kila kitu kwenye mikeka na magunia, hariri ikiwa katikati kabisa ili isichafuke, wakakishusha chini na kufukia. Mboni alisaidia kubeba.

Wiki hiyo masika ikaanza.

Bi Biasha alikaa karibu miezi mitatu akisikiliza mvua. Hakuna aliyekuja kupekua. Hakuja mgambo, hakuja askari. Mwezi wa sita alipofukua, maji yalikuwa yameingia mpaka chini, na palipokauka mchwa walikuwa wameshafika. Shuka zilichanika zikiinuliwa. Hariri ilitoka nyeusi, inanuka, na zari likabaki mikononi mwake kama maganda ya kitunguu.

Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Hemedi, alipita akawakuta wamekaa kando ya shimo. Alipoelewa kilichotokea alishika kichwa.

"Bi Biasha, kwa nini hukunijia? Mimi si nilijua vitu vyako ni vya harusi? Mwanangu mwenyewe si ulimpamba wewe?"

Nilimtembelea Mzee Hemedi, naye akathibitisha. Alisema anajuta hakupita mapema. Nadhani kila mtu katika habari hii anajuta kitu, isipokuwa Mboni, ambaye ndiye pekee aliyesema lililo sahihi.

"Hajanilaumu hata siku moja," anasema Bi Biasha. "Afadhali angenilaumu."

Sasa Mboni anaolewa. Mchumba ni Twalibu, mkulima wa kijiji cha Janga, na harusi ni Jumamosi ijayo, kabla Ramadhani haijaingia. Kwa desturi ya kwao, maharusi watakaa fungate, siku saba, nyumbani kwa bibi harusi. Na siku moja kabla, wanawake wa upande wa bwana watakuja kukiona chumba. Watafungua mlango wa mwanamke aliyepamba vyumba vya binti za nusu ya wilaya, waone amempambia nini binti yake.

Kitanda kipo. Ni cha mninga, alichochonga marehemu mumewe, Mashaka, mwenye mikono ya dhahabu. Nguzo nne zipo. Cha kutundika ndicho hakipo, na hakuna duka alilolijaribu lililokuwa nacho.

Ndiyo sababu amekuja Mkuza. Leodegar ana chandarua kipya, cheupe, kipana, alicholetewa na dada yake Adventina, muuguzi wa Morogoro. Walikubaliana kwamba hicho ndicho kitakuwa ujira. Si hariri, lakini kikikunjwa vizuri na kushonewa utepe, kitashuka pande zote nne na wanawake wa Janga watakaa kimya.

Hapo sasa ndipo kuna lile jambo la kulala sakafuni.

Leodegar na Stellamaris walimzika mtoto wao wa kwanza mwaka jana, akiwa na miezi mitano. Ilikuwa malaria. Baada ya msiba, Leodegar aliziba madirisha yote kwa wavu wa waya, kwa mikono yake, na anajivunia kazi hiyo. "Mbu hapiti tena hapa," aliniambia akigonga fremu. Ndiyo maana hakuona ubaya kukitoa chandarua.

Lakini Bi Biasha alipolala chali Alhamisi asubuhi, aliona asichokiona mtu aliyesimama. Ukuta na bati havikutani. Kuna uwazi wa kiganja kizima unaozunguka chumba, na nje, upande wa kichwani, kuna shimo la kufyatulia matofali lililojaa maji ya masika.

Aliinuka, akafuta mgongo, akaomba maji ya kuchanganyia chokaa.

Alhamisi hiyo alijaribu kuziba uwazi kwa magunia na udongo. Kufikia adhuhuri chumba kilikuwa tanuri, akabandua. Ijumaa alimuuliza Leodegar kama mbao za dari zinapatikana. Leodegar alicheka kwa uchungu. Kwa saruji tu amejiandikisha tangu mwaka juzi, na hajapata.

Ijumaa jioni nilimkuta amekaa juu ya kigoda cha Stellamaris, chandarua kiko mapajani kimefungwa kwa kamba, tayari kwa safari ya Kisarawe. Alikuwa anakipapasa.

"Mwanangu amebakiza wiki moja aolewe," alisema, bila kuniangalia. "Huyu mwingine ana siku tano tangu azaliwe."

Jumamosi asubuhi aliomba rimu kuukuu ya baiskeli. Aliizungushia kitambaa cheupe, akaining'iniza kwenye boriti, akakitundika chandarua juu ya kitanda. Kilishuka mpaka sakafuni kwa mikunjo iliyolingana, kimekusanywa ubavuni kwa utepe wa buluu unaofanana na mapazia. Mwanga kutoka kwenye kioo ulikiingia. Nimeingia hoteli kadhaa katika kazi hii, sijaona chumba kizuri kama kile.

Leodegar alirudi kutoka sokoni Kwa Mathias akasimama mlangoni.

"Mama, si hicho ndicho chako?"

"Lala hapo chini uangalie juu."

Leodegar alilala sakafuni na shati lake jeupe la ofisini. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka hakutaka tumwone uso.

Alimpa shilingi mia nne na kumsihi asiseme hapana. Bi Biasha alizipokea, akashukuru. Ni pesa za halali, na madukani hazina kitambaa cha kununua.

Jumapili nilimfuata Homboza. Mboni ni msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpokea mama yake kikapu, akakiangalia, akaona hamna kitu. Bi Biasha alimweleza yote pale pale uani, amesimama, kama mtoto aliyevunja chungu. Alipomaliza akasema jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, alichelewa kulisema miaka miwili.

"Sasa nakuuliza wewe, Mboni. Tufanyeje? Utakalosema ndilo hilo."

Mboni aliweka kikapu chini.

"Usiazime kitu, mama. Usifunike. Ziache nguzo wazi. Wakiuliza, nitawaambia mwenyewe."

"Watakucheka."

"Na wacheke."

Bi Biasha aliingia chumbani. Mlango ulikuwa wazi, nami nilimwona. Alilala, safari hii si sakafuni bali kitandani penyewe, mahali ambapo binti yake atalala Jumamosi, akaangalia juu. Nguzo nne za mninga, na baada ya hapo makuti. Alilia bila kujificha. Mboni alivua ndala, akapanda akalala kando yake, na wote wawili wakawa wanaangalia palepale.

Nilipoaga nilimuuliza ana mpango gani. Alisema wiki hii atazisugua nguzo kwa nta mpaka zing'ae, na godoro atalijaza sufi mpya, kwa sababu starehe haihitaji duka. Kitambaa cha besera atampelekea Mboni huko Janga siku yoyote kitakapopatikana, hata kama yeye mwenyewe atakuwa na wajukuu wanne.

"Nikikipata," alisema, akilishika komeo la mlango, "nitakitundika siku hiyohiyo."