Mgongoni mwa Doyle

Muulize mtu yeyote wa Kijito cha Mikuyu ni nani anayejua kumwita puma, yule paka mkubwa wa milimani, na atakujibu Doyle Killough kabla hujamaliza swali. Jina la mkewe halitatajwa. Ndivyo tulivyo huku, magharibi ya New Mexico: sifa ni za anayepuliza filimbi. Anayekaa mgongoni mwake na bunduki huhesabiwa pamoja na vifaa, yeye na chupa ya kahawa. Mimi naona ni uonevu mtupu, lakini Ardith mwenyewe hakuwahi kulalamika, sasa nani kaniita shahidi?

Ardith alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mikono ya mtu aliyezalisha mbuzi maisha yake yote. Alikaa mgongoni mwa Doyle tangu kipupwe cha kwanza cha ndoa yao. Kazi yenyewe haina siri kubwa. Mnapanda asubuhi, theluji ikiwa imeanguka usiku, mnatafuta njia chini ya majabali ambako nyayo za mnyama hazijapoa. Mnakaa chini na migongo yenu inagusana. Mmoja anapuliza filimbi ya mbao inayolia kama mtoto wa kulungu aliyenaswa. Mbweha ukimwita hivyo huja mbio kama mtu aliyenusa pilau ya harusi. Puma hana haraka. Anasikiliza, anajinyoosha, anasogea kidogo, anaketi tena. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu wa milimani hakuhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo sauti haitakiwi kukatika. Ikikatika, puma anakata tamaa na kwenda zake, nanyi mmeganda makalio bure. Anayepuliza hupuliza saa nzima na zaidi bila kupumzika. Jambo jingine ni kwamba puma haji mbele ya anayelia. Anazunguka amtokee nyuma. Ndiyo maana bunduki hukaa upande wa nyuma, na ndiyo maana anayepuliza hageuki, hata asikie nini, kwa kuwa kichwa kikitikisika tu mnyama ametoweka.

Mwaka ninaousimulia, Doyle hakuwa tena na pumzi ya kupuliza hata mshumaa wa keki. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha mbao, na vumbi la misonobari likakaa mapafuni likajenga. Alijua. Mkewe alijua. Lakini kulisema jambo hilo mezani kwao kulikuwa sawa na kutukana kanisani.

Kipupwe hicho hicho puma mmoja akalizoea zizi la Ardith. Alianza na beberu mzee, akaja kwa majike. Ardith alikuwa akiwakuta wamefukiwa majani ya msonobari chini ya miti, wengine na mimba zao. Mbuzi wake ni wale wa manyoya marefu, wanaonyolewa kama kondoo, na hakuna hata mmoja ambaye hakumjua bibi yake. Walikuwa karibu kuzaa. Aliyekuwa na mbwa wa kuwinda puma alikwishahamia Arizona. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Wakianza kuzaa na yule bado yupo, nitawauza wote," Ardith alisema asubuhi moja, akimimina mchuzi mweupe wa soseji juu ya mikate midogo ya moto. "Yule bwana wa Texas anawataka. Sitakaa hapa nihesabu vichwa vya vitoto."

Doyle aliacha kutafuna. Alijua kwamba mbuzi wakiondoka, mkewe hatakuwa na sababu ya kuvaa viatu asubuhi.

Brent, mume wa binti yao, alikuwa amekuja na kimashine cheusi chenye kipaza sauti. Akakiweka mezani kwa adabu.

"Baba, hiki kina sauti za wanyama wote. Unabonyeza tu, unakaa kando."

"Kina mtoto wa kulungu?"

"Kinaye."

"Kina Doyle Killough?"

Brent alicheka. "Huyo hayumo, Baba."

"Basi kirudishe dukani, kina upungufu."

"Wewe mzee," Ardith akasema, "ukipanda vidaraja vya ngazi ya barazani tu unatweta."

"Vidaraja vile vimejengwa vibaya."

"Umevijenga wewe."

"Ndiyo maana najua."

Walipanda kesho yake, wao wawili. Gari waliliacha njia ilipokwisha wakaendelea kwa miguu. Kila baada ya mwendo mfupi Doyle alisimama kuchunguza nyayo. Alichunguza nyayo za puma, za kulungu, za sungura, hata alama ya koni ya msonobari iliyoanguka kwenye theluji. Ardith alisimama naye kila mara, akatazama naye, akasema "eeh". Mtu akitaka kupumua kwa heshima, mwache apumue.

Wakakaa chini ya jabali, kati ya vichaka vya mireteni, yeye akitazama korongo na mkewe akitazama walikotoka. Doyle akaanza. Nikwambie ukweli, bado alikuwa fundi. Mlio ulitoka mwembamba na wenye hofu, na mama yeyote angegeuka. Lakini haukupita muda mrefu Ardith akahisi kupitia makoti yao mgongo wa mumewe ukivuta na kuvuta, kama mvukuto uliotoboka. Mlio ukalegea. Ukakatika, ukarudi, ukakatika tena.

"Nipe dakika," Doyle alinong'ona.

Ng'ambo ya korongo ndege wakaanza kupiga kelele, wale wa buluu wasioweza kuona jambo wakanyamaza. Ardith aliifahamu kelele hiyo. Puma alikuwa njiani, na hapakuwa na sauti ya kumvuta. Dakika aliyoiomba Doyle haikuwa ya Ardith kuitoa, ilikuwa ya puma, na puma hatoi.

Akaitelezesha bunduki ubavuni, polepole, mpaka ikafika kwenye mkono wa mumewe.

"Shika."

"Ardith, wewe hujawahi…"

"Shika, nimesema."

Akafumbua mdomo akalia kama kitoto cha mbuzi. Hakuhitaji filimbi. Alikijua kilio cha kitoto kilichonasa mguu kwenye waya: kifupi, kifupi, halafu kirefu chenye hasira kwa mama aliyechelewa. Alikuwa amekifuata kilio hicho kwenye mvua na kwenye barafu zaidi ya alivyowahi kufuata wito wa kanisa. Sasa alikitoa mwenyewe, akaendelea kukitoa, koo likiwaka.

Na hapo tu ndipo alipotambua alichokifanya. Anayelia sasa alikuwa yeye. Mnyama atazunguka, atatokea upande wa Doyle, na yeye Ardith mbele yake kuna mawe, theluji na mireteni. Haoni kitu. Alichobakiwa nacho cha kumweleza mambo ya nyuma ni ule mgongo wa mumewe, ukipanda na kushuka kwa shida, ukikwaruza.

Kisha mgongo ukatulia. Haukupanda wala kushuka.

Ardith alilia tena, akasikiliza kwa mgongo. Hakuna. Ama puma ametokea na Doyle amebana pumzi, ama Doyle amekufa, na bunduki imo mikononi mwa maiti. Hakuwa na njia ya kujua ila kugeuka. Akigeuka na mume yu hai, puma amekwenda, na mbuzi nao wamekwenda. Aliona wazi kwamba mbuzi wote wa duniani wanaweza kwenda, hata kesho, hata bure, mradi mgongo ule utikisike. Akaendelea kulia kwa sauti ya kitoto cha mbuzi, na ndani yake sasa ilikuwamo sauti yake mwenyewe. Alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Hakugeuka.

Bunduki ikalia. Mgongo ukamsukuma kwa nguvu, halafu ukaanza kukohoa. Kikohozi kibaya, kirefu, cha kumuua mtu, na Ardith alikisikiliza kwa furaha.

Aligeuka akamkuta Doyle amekaa vile vile, bunduki mapajani, machozi yanamchuruzika hadi kwenye ndevu. Chini kidogo ya jiwe puma alikuwa amelala, dume zee, sikio limechanika, meno yamelika. Ni wazi kulungu walishamshinda mbio.

"Wewe mwanamume!" Ardith akampiga ngumi ya bega. "Nimedhani umekufa! Ulikuwa unangoja nini?"

"Alikuwa anakuja," Doyle alisema. Alilazimika kusimama katikati ya maneno avute hewa. "Alitoka nyuma ya lile jiwe. Akaweka mguu mmoja, akasimama. Akaweka mwingine. Akanitazama hapa." Akajigusa katikati ya macho. "Sijawahi kumwona akija, Ardith. Hata mmoja. Nimewaona wamelala tu, wewe ukishamaliza."

Ardith alikuwa bado ana hasira na maneno yake yalikuwa tayari, lakini hili lilimzuia. Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wakimsikiliza mtu huyu miaka na miaka kwenye duka la chakula cha mifugo, na hakuwahi kumwona puma akitembea.

"Hukuniambia wanakuja hivyo," Doyle alisema.

"Hukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa. Akapumzika kidogo. "Ulikuwa unaogopa?"

"Kila mara." Hakuwahi kulisema kwa mtu. "Kila mara, Doyle. Na wewe je, huko mbele, bila kuona kitu?"

Doyle alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi wewe ulikuwa nyuma yangu. Niogope nini?"

Ardith alikuwa ametoka kukaa mahali hapo hapo sasa hivi, Doyle akiwa nyuma yake, na aliogopa mpaka roho ikataka kumtoka. Wala haikuwa kwa sababu ya puma. Alitaka kumwambia hivyo. Akaketi ubavuni mwake, akaiweka bunduki kando, akapitisha mkono wake mkubwa ndani ya koti la mumewe na kuulaza mgongoni, juu ya mifupa.

"Vuta pumzi," akamwambia badala yake. "Vuta tena. Niisikie."