Kalenda ya Eunice na Kuku wa Mzee Tefft

Eunice Tefft aliendesha basi la shule hapa Tarbell miaka thelathini na mmoja, na mtoto aliyewahi kumdanganya ni mimi peke yangu, mara moja, nilipodai naumwa tumbo. Akanishusha nyumbani, akamwambia mama yangu, "Huyu haumwi, ila mpe kitu kichungu anywe, asirudie." Nina miaka hamsini na mbili sasa na ladha ya ile dawa bado ninayo mdomoni.

Hakuolewa. Akiulizwa sababu hujibu kwamba alishalea watoto mia nne, na nusu yao walikuwa wanatapika. Alipostaafu akawa mtu wa habari. Mkitaka kujua lini zimamoto wanapika kifungua kinywa, au kanisa gani linauza pai, mnampigia Eunice. Hata mbunge wetu wa bunge la jimbo, Mheshimiwa Curtis Brandow, naye humpigia. Mheshimiwa haijui Tarbell. Anamjua Eunice.

Kila kiangazi Mheshimiwa hututumia barua. Inafika nyumba zote, uwe ulimpigia kura au ulimpigia kelele. Ukurasa wa mbele yupo yeye, amesimama na ng'ombe ambaye hawajuani. Ndani anatuahidi daraja la Mto Tope, mwaka wa tatu huu, na kututajia siku ya kupeleka matairi mabovu jalalani. Nyuma ndiko kuna kitu cha maana: shughuli za vijiji, tarehe kwa tarehe. Ukurasa huo watu huukata wakaubandika kwenye friji. Kilichoandikwa pale huku kwetu hakibishaniwi. Watu wanaenda.

Za Tarbell zilikuwa zinatoka kwenye kalenda ya Eunice, ile ya bure ya duka la chakula cha mifugo, iliyoning'inia jikoni kwake. Kila Juni alikuwa anazisoma kwa simu, moja moja, na karani wa Mheshimiwa anaandika. Mwaka jana yule karani alihama, akaja mwingine, Norbert, mstaafu wa benki, mtu wa haraka zake.

"Bi Tefft, usijichoshe kusoma," akamwambia. "Piga picha ukurasa wote wa Julai, unitumie."

Eunice akapiga, akatuma. Hakukumbuka kwamba kwenye kalenda ile aliandika mambo ya kijiji na ya kwake mwenyewe, yote kwa kalamu moja.

Barua ikaingia tarehe saba Julai. Nilikuwa bado nimesimama kwenye sanduku la posta simu ikalia, ni Eunice.

"Trudy, umeiona?"

"Ninaiona, dada. Nasoma hapa, 'Julai 9, saa nne asubuhi, jino, kwa Daktari Pomeroy.' Hivi sote tunang'oa au ni wewe tu?"

"Usinichekeshe, nitalia. Endelea chini."

Nikaendelea. Julai 12, mbuzi, dawa ya minyoo. Julai 15, bendi ya zimamoto bustanini. Hiyo ilikuwa ya kweli, maskini, imekaa katikati ya wenzake kama mgeni. Julai 16, kumwomba Delbert. Julai 17, kumwomba Lyle. Julai 19, ukoo wa Tefft, banda la wakulima, saa sita mchana, kuku wa baba, leta chakula na kiti.

Hapo sikucheka tena.

Delbert na Lyle ni kaka zake, mmoja mkubwa kwake, mmoja mdogo. Walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja. Baba yao, Mzee Orrin, ndiye aliyekuwa mpishi wa kuku wa kijiji hiki: nusu kuku, juu ya shimo la mkaa, anapakwa sosi ya siki, mafuta na yai mpaka anang'aa. Kuku wanabanwa katikati ya nyavu mbili za chuma zenye upana wa mlango, na kugeuza wavu mmoja kunataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na wageuze kwa pamoja. Mzee alipofariki, wanawe wakasema watawapikia waombolezaji kuku wake. Wakageuza. Mmoja akaachia. Kuku arobaini wakaenda majivuni, mbele ya mchungaji, jeneza bado halijatoka kanisani.

Lyle akasema Delbert aliachia. Delbert akasema Lyle alivuta. Tangu siku ile Delbert akakaa na nyavu, Lyle akakaa na karatasi ya mapishi ya sosi, na Tarbell ikakaa bila kuku. Sasa Lyle alikuwa ameuza ng'ombe wake, na mwezi wa nane anahamia kwa binti yake Arizona. Eunice alitaka kitu kimoja tu kabla kaka yake hajaondoka: awaone wale wawili kwenye meza moja. Aliandika "kuku wa baba, Mungu akipenda." Norbert aliona Mungu anachukua nafasi, akamwondoa.

"Piga simu ofisini wafute," nikamwambia.

"Nimepiga. Barua zimeenda nyumba elfu kumi na nane. Norbert ananiuliza kama nataka waandike marekebisho kwenye barua ya vuli."

Basi. Tarehe tisa, Daktari Pomeroy alikuta watu watatu mlangoni na Eunice wa nne. Mmoja wao kweli jino lilikuwa bovu, akashukuru serikali. Tarehe kumi na mbili wakaja mbuzi kumi na saba uani kwa Eunice, na yeye ana mbuzi wawili. Akawapa dawa wote. Ningesema nini, na wangu walikuwemo.

Tarehe kumi na sita Eunice akaniambia nimsindikize kwa Delbert. Tukakuta magari yamejaa njia yake mpaka barabarani. Watu kumi na wanne wamesimama kwenye majani, wengine na viti vyao vya kukunja. Delbert yupo barazani, miaka sabini na tatu, mikono kiunoni.

"Mmekuja kuniomba," anasema. "Mnaniomba nini?"

Watu wakatazamana.

"Hatujui," akasema Gladys Hoag, ambaye huwa wa kwanza kila mahali. "Barua imesema tuje tukuombe. Tumekuja."

"Mimi nafikiri ni kuku," mtu akasema kutoka nyuma.

"Ni kuku?" Gladys akageuka. "Basi Delbert, tunakuomba kuku."

"Tunakuomba kuku," wakasema wote, kama wako kanisani.

Eunice akapenya katikati yao. "Delbert, ni mimi. Ilikuwa iwe mimi peke yangu."

"Naona umeleta jeshi."

"Lyle anaondoka mwezi wa nane."

"Aende salama."

"Delbert."

Akatazama majani, akawatazama na wale watu, ambao walikuwa hawana hata haya ya kujifanya hawasikilizi. "Nyavu nitaleta," akasema. "Nitazishusha kwenye gari, nitaondoka. Yule mtu simtaki hata kivuli chake kinipite."

Watu wakapiga makofi. Akaingia ndani, akafunga mlango wa wavu, akaufunga na wa mbao.

Kesho yake kwa Lyle walikuwa ishirini na wawili, maana habari ilienea kwamba kuomba kunafaa. Lyle yeye ni mdogo na ana mdomo. "Sosi nitachanganya," akasema, "nitaileta kwenye ndoo, nitaiweka chini, nitarudi nyumbani nifungashe masanduku. Na mwambieni yule mgeuza kuku ajifunze kushika."

 Tulipofika kwake Eunice akasema, "Nyavu zitakuja. Sosi itakuja. Wenyewe hawaji." Nilimjua mtu huyu akiwa na usukani mkononi, watoto hamsini wanapiga kelele nyuma, barafu barabarani, na sikuwahi kumwona akitetemeka kidevu. Siku ile nilimwona.

Jumamosi ya kumi na tisa ukoo wa Tefft ulikuwa watu thelathini na wanane. Waliokuja banda la wakulima walikuwa mia tatu na zaidi. Wameleta viazi vya chumvi, saladi ya makaroni ya aina tisa, jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo huwa inakuja kila shughuli na kurudi nyumbani nzima. Wazee waliokula kuku wa Mzee Orrin mara ya mwisho wakiwa na meno walikuwa wameketi mstari wa mbele, wanatazama shimo. Zimamoto walishanunua kuku na kuwasha mkaa.

Delbert akaja, akashusha nyavu. Hakuondoka. Alisema gari limezibwa, na lilikuwa limezibwa kweli, nililizuia mimi na langu. Lyle akaja na ndoo. Naye lake likazibwa, na Gladys. Hatukuwa tumepanga, ila wanawake wa hapa hatuhitaji kikao.

Wakasimama, mmoja upande huu wa shimo, mmoja ule, wanatazama moshi. Mkuu wa zimamoto na kijana wake mkubwa wakashika wavu wa kwanza.

"Bado!" akasema Delbert.

"Bado!" akasema Lyle, kutoka kule. "Huoni ngozi bado nyeupe?"

Wakatazamana, wakakasirika kwamba wamekubaliana, wakatazama pembeni.

Hapo ndipo Mheshimiwa Brandow akaingia, shati jeupe, mpiga picha nyuma yake. Yeye aliamini kwa dhati kwamba watu mia tatu wamevutwa na barua yake, na kusema haki walivutwa nayo. Akahutubia kuhusu daraja. Kuku wakaanza kuiva. Akahutubia kuhusu matairi. Kisha akaona nyavu, akasema lazima ageuze mmoja kwa ajili ya picha.

"Mheshimiwa, vaa glovu," nikamwambia.

"Nimekulia shambani, mama," akanijibu. Amekulia nyuma ya duka la viatu la baba yake, sote tunajua.

Akavaa glovu hata hivyo, akashika mwisho wa kushoto wa wavu mkubwa, mkuu wa zimamoto akashika kulia. Wakahesabu moja, mbili, wakainua, na pale katikati ya kugeuza Mheshimiwa akatoa mlio ambao hauandikiki kwenye barua, akaachia. Nusu kuku ishirini zikaingia majivuni. Mpiga picha alipata zote.

Mheshimiwa amevua glovu, anapuliza kiganja. "Kuna sehemu inaunguza! Pale kwenye mpini!"

Delbert akaenda, akainama, akautazama ule mpini. Palikuwa na kiungo cha zamani, chuma kimeunganishwa na kingine kinachogusa moto moja kwa moja. Akainua kiganja chake cha kulia, akakitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa karibu. Pana kovu pale, la mviringo, kama sarafu.

"Ni mimi niliyeachia," akasema. Hakumwambia mtu fulani. Aliuambia mpini.

Lyle akazunguka shimo.

"Mbona hukusema umeungua?"

"Baba hakuwahi kuachia."

"Baba alikuwa anashika kwa tambara lililoloa, mjinga wewe. Nilikuwa namlowekea mimi."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza!" Lyle akavua shati la juu, akabaki na fulana, akalizamisha shati kwenye ndoo ya maji, akamtupia kaka yake kifuani, chwaa! "Shika. Na Mheshimiwa, tupishe, umesimama kwenye chakula."

Wakageuza. Nyavu kumi na mbili, mara nane kila moja, wakigombana kila mara ni sasa au bado. Eunice alikuwa meza ya kwanza, ameweka sahani tatu, na kila anayetaka kuketi pale anafukuzwa kwa ile sauti yake ya basi. Saa nane na nusu wakaketi, wananuka moshi na siki, mmoja kila upande wake. Delbert akaomba chumvi. Lyle akampa. Eunice akala kipande cha jeli ya kijani bila kujua anakula nini.

Lyle alihamia Arizona mwezi wa nane, kama alivyosema. Asubuhi ya kuondoka alipita kwa Eunice, na Delbert ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Karatasi ya sosi Lyle aliibandika kwenye kalenda ya Eunice, na chini yake akaandika kwamba Julai ijayo anakuja kugeuza, Delbert aloweke tambara.

Norbert alipiga simu Juni hii, akaomba picha ya ukurasa. Eunice akamwambia achukue kalamu, atamsomea.