Mashine Iliyozungumza Kijerumani

Hoteli niliyofanyia kazi ya mapokezi kule Diani ilikuwa na mashine ya kushtua moyo, na tuliitunza vizuri mno. Ilikaa ukutani karibu na ngazi, ndani ya kisanduku cha kioo, na meneja wetu aliitia kufuli ili isiibiwe. Ufunguo alikuwa nao yeye. Aliyetaka moyo wake usimame alitakiwa asubiri saa za kazi, meneja akiwapo.

Jumamosi moja tulikuwa na karamu ya harusi. Baba wa bibi harusi, mzee wa Bongwe aliyevaa kanzu mpya na koti, alisimama kuwashukuru wageni. Alipofika kwa wakwe zake akaanguka chali, kipaza sauti mkononi. Mshereheshaji, mtu asiyekosa la kusema, akawaomba wageni wampigie mzee makofi. Wakapiga.

Nilikimbilia ukumbini. Mzee hakuitika nilipomwita, na badala ya kupumua alitoa mkoromo mmoja, kimya kirefu, kisha mwingine.

"Amelala tu, maskini," alisema dada yake. "Tangu juzi hajapata usingizi."

Wataalamu hawakukosekana. Mmoja alitaka mzee apewe maji, mwingine avuliwe viatu, wa tatu alikuwa na hakika ni kijicho cha upande wa bwana harusi. Wengine walitoa msaada mkubwa zaidi, wa kunyanyua simu na kurekodi. Mimi nilikuwa nimefundishwa huduma ya kwanza, somo ambalo wengi wetu tulilihudhuria kwa ajili ya sambusa. Nikapiga magoti, nikaweka viganja katikati ya kifua, nikaanza kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka.

"We binti! Unamlalia kaka yangu kifuani mbele za watu? Huna haya?"

"Niwie radhi, shangazi. Moyo wake umesimama."

"Nani kakwambia? Wewe daktari?"

Sikuacha. Nilimwambia mhudumu aite ambulensi, na mpishi alete ile mashine. Mpishi alirudi mikono mitupu.

"Imefungwa, na meneja amekwenda Kwale mkutanoni."

"Vunja kioo!"

"Nani atajibu?"

"Mimi!"

Alikivunja kwa upawa wa pilau. Nilipoifungua, mashine ikaanza kuzungumza, kwa Kijerumani. Meneja aliiagiza kwa ajili ya wageni wetu kutoka Ujerumani, nadhani ili wajisikie nyumbani wanapokata roho. Kijerumani changu kilikuwa cha vyumba na kifungua kinywa. Kwa bahati vibandiko vyake vilikuwa na picha: kimoja chini ya bega la kulia, kingine ubavuni kushoto. Mpishi aliichana kanzu mpya mpaka kiunoni ili nivibandike, na hapo shangazi akaangua kilio. Alikuwa akiililia kanzu.

Mashine ilisema maneno marefu, kitufe kikawaka.

"Asimguse mtu!" nikapiga kelele, nikabonyeza.

Mwili wa mzee ulishtuka. Makofi hayakupigwa. Nilirudi kukandamiza, mikono ilipochoka mpishi akanipokea, tukaendelea kupokezana mpaka mzee akajaribu kuusukuma mkono wa mpishi na kuvuta pumzi ya kweli. Ndipo nilipokaa sakafuni nikalia kama mtoto, mbele ya simu zote zile.

Ambulensi ilimchukua akiwa hai. Meneja aliporudi jioni, jambo la kwanza aliloniuliza ni habari za kioo.

Baada ya wiki chache nilikwenda Bongwe kumjulia hali. Nilimkuta barazani, amekumbatia mto kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyenivunja mbavu?"

"Ndimi, baba."

"Nikikohoa nakukumbuka. Mwenyezi Mungu akujaze kheri."

Dada yake alileta chai na mahamri, akaketi kando yangu kabisa.

"Siku ile nilikutukana," alisema.

"Sikusikia, shangazi."

"Ulisikia," akasema, akanimiminia kikombe kingine.