Siku Nilipoisafisha CD ya Marehemu Baba Chebet

Hii aibu nimeinyamazia muda mrefu, na hata sasa nikitaka kuisimulia naanza kujikuna kichwa kabla sijafika mahali penyewe, lakini kwa vile ninyi ni marafiki na mmeshaniona nikichekwa mara nyingi, wacha niwaambie nilivyoharibu siku ya watu kwa sababu ya ujuaji. Sikuwa nimelewa, sikuwa na haraka, na hakuna mtu aliyenidanganya. Nilitaka tu kusifiwa na mama mkwe.

Mimi nimezaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai huko Kericho, wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kutafuta kazi wakabaki, na siku hizi niko ofisini kiwandani, kazi ya kukaa na kompyuta, ndiyo maana watu wanadhani najua kila kitu kinachotumia umeme (na mimi siwakatazi). Na msichana wangu Chebet tulikuwa tumeelewana tuoane, kwao ni karibu na Silibwet, na mamake alikuwa amenikubali kwa ile namna ya kumkubali mtu huku bado unamwangalia vizuri. Babake alikuwa ameshafariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kitu pekee kilichobaki chenye sauti yake kilikuwa CD moja waliyorekodi hapo kanisani kwao na mashine za kukodi.

CD yenyewe ilikuwa imeanza kukwama. Mama alikuwa anaicheza kila Jumapili wakitoka ibadani, nyumba nzima inakaa kusikiliza (mimi Jumapili huwa kwetu kambini, kwa hiyo sikuwahi kukaa nao, na hapo ndipo balaa ilipojificha). Sasa siku moja nikiwa hapo nikasema, bila kuombwa na mtu, "Mama, nipe hiyo CD niitolee kopi kwa kompyuta. Kopi kamili kabisa, hutajua ya kwanza ni gani na ya pili ni gani."

Akaipangusa na kitambaa chake cha kichwa, akaniangalia. "Otieno, hii iko moja tu. Hata picha zake zikichomeka nitavumilia, lakini si hii."

"Usijali, Mama."

Basi nikaenda nayo. Programu niliyokuwa nayo inafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuichukua diski yote ilivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile nafasi za katikati ya nyimbo, na ikifika penye mkwaruzo inarudia kusoma na kurudia mpaka iridhike. Hiyo ndiyo kopi kamili niliyoahidi. Nikaianzisha, ikatembea kidogo, ikafika penye mkwaruzo ikaanza kujikokota, mvua nayo ilikuwa inanyesha na stima inacheza, nikaona hii itanikalisha hapa mpaka kesho. Nikaisimamisha. Nikachukua njia ya pili, ile ya haraka, inavuta tu sauti na kukuachia kazi ya kupanga nyimbo mwenyewe.

Hapo ningeishia, pengine leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikafungua ile sauti kwenye kompyuta, nikaona mawimbi ya nyimbo yamesimama vizuri, makubwa, na katikati ya wimbo na wimbo kuna vijiwimbi vidogo vidogo, vya watu kukohoa na kusogeza viti, nikajiambia huu ni uchafu, mwenye kurekodi alisahau kuzima mashine. Nikavikata vyote. Nilikuwa nimezima sauti ya kompyuta kwa sababu kulikuwa na mpira kwenye simu, nakata hapa naangalia mpira, nakata pale naangalia mpira, na nilipomaliza nikahifadhi kazi yangu juu ya faili ile ile ya kwanza, ya zamani ikafutika. Nikachoma kopi, moja ya kila mtoto na moja ya kanisa, nikazichapia karatasi nzuri zenye picha ya marehemu.

Halafu, kwa wema uliozidi kipimo, nikakumbuka mwenzangu wa ofisini aliniambia CD yenye mikwaruzo inasuguliwa na dawa ya meno. Nikaisugua ile ya Mama. Ilitoka inang'aa, na sikuijaribu kwenye mashine, kwani kopi si ninazo?

Nilizipeleka siku ya koito, siku ambayo wazee wa pande zote mbili wanakaa pamoja kuzungumza mahari na kupatana. Baba yangu alikuja na ndugu zake wamevaa suti, wa upande wa Chebet wamejaa chini ya hema, maziwa ya mursik yanamiminwa kutoka kwenye vibuyu, kila kitu kinakwenda sawa. Mama akasimama na kopi yangu mkononi. Akasema kwa Kiswahili, ili watu wetu wasikie, "Leo ni siku ya mtoto wake, lazima na yeye awe hapa. Mtamsikia akiongea."

Mimi nikajiuliza, akiongea wapi?

CD ikawekwa, spika za kanisa zikaitikia, watu wakatikisa vichwa. Chebet akaninong'oneza akitabasamu kwamba wimbo wa tatu ukiisha nisikilize sana, kwa sababu hapo katikati babake alimgeukia mkewe aliyekuwa amekaa benchi la mbele akamwambia kwa Kikipsigis, Mama Chebet, nenda ukaweke chai, hawa watu wa mashine wana njaa. Na kila Jumapili sauti ikifika hapo, nyumba yote inamjibu.

 Nilitaka kuinuka nikazime spika lakini nikabaki nimeshikilia kiti.

Wimbo wa tatu ukaisha. Nikawaona wote wakivuta pumzi, Chebet, ndugu zake, shangazi zake, na Mama mbele yao akiwa ameshaanza kucheka, wakajibu kwa pamoja kwamba chai iko motoni. Walikuwa wakiijibu kwaya, kwa maana wimbo wa nne ulikuwa umeshaanza.

Ikarudishwa nyuma. Safari hii alijibu Mama peke yake, polepole.

"Wekeni ile ya zamani," akasema mjomba wa Chebet. Ikawekwa, ikazunguka, ikazunguka, mashine ikaandika kwamba ndani hakuna diski.

Mjomba akanigeukia. "Otieno. Hii CD umeifanya nini?"

"Niliondoa kelele," nikasema.

"Kelele gani?"

 Baba yangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akainuka akaingia jikoni, shangazi za Chebet wakamfuata, na wazee wakakubaliana kwa upole sana kwamba mambo ya mahari yangoje kidogo.

Nilirudi baadaye peke yangu kuomba msamaha. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kwenye ile kompyuta, na diski nilikuwa nimewapelekea mafundi wa Kericho wakaishika, wakaiangalia, wakanirudishia. Mama hakunigombeza. Alinivutia kiti karibu yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu, "Wewe ndiye ulimsikia mwisho. Ile siku, alisema namna gani? Alikuwa anacheka?"

Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia ndiyo, Mama, alikuwa anacheka, na labda angelala usingizi. Lakini nilikuwa nimechoka kumfurahisha, nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimezima sauti.

 Kisha akasema, "Kwa hivyo hakuna mtu alimsikia."

Chebet nilimwoa, mnamjua, na Mama hunikaribisha vizuri tu. Lakini tangu siku hiyo sauti ya mtu sijaikata tena, hata akikohoa, hata akinyamaza, na mtu akiniletea kitu chake nimtolee kopi namwambia nenda kwa mwingine.