Maji ya Beseni Yaliyowaka Juani

Maji ya kumwogeshea mwanangu yaliwaka kijani kiganjani mwangu. Na wala sikuwa naota.

Ilikuwa hivi, jamani.

Mtoto alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena. Nasugua vyombo mpaka vidole vinachubuka. Bado mama mkwe akasema mimi mchafu, Jumamosi anakuja kumchukua mjukuu wake.

Mume wangu? Yuko safarini na lori. Kwenye simu anasema tu, "Mama anajua."

Mimi si mtu wa kujibu. Nikafua nguo za mtoto, nikazikunja.

Ijumaa ua wa nyumba ukawa unanuka. Mama mwenye nyumba akaleta fundi bomba.

"Anza na choo cha huyu," akaninyooshea kidole. "Mtoto wake kila siku tumbo."

Fundi akamimina rangi ya kufuatilia maji yanakokwenda chooni kwangu. Ikatokea kwenye shimo la maji taka, inakotakiwa. Akamimina na kwa mwenye nyumba. Hiyo ikapotelea ardhini. Akasema atarudi kesho.

Jumamosi asubuhi, mama mkwe huyo. Nikampa maji ya kunywa, nikaomba nimwogeshe mwanangu mara ya mwisho.

Chumba chetu kina giza, maji yalionekana ya kawaida. Nikatoa beseni nje.

Jua lilipoyapiga, yakawaka kijani! Kama kuna taa chini ya beseni. Nikayachota kiganjani, nikayasogeza kivulini, yakafifia. Nikayarudisha juani, yakawaka tena.

"We mwanamke, umemtilia nini mjukuu wangu?"

Bahati fundi alikuwa anaingia getini. Akabwaga begi lake.

"Dada, usimguse mtoto nayo! Hiyo rangi yangu, huwaka ikipigwa na jua. Ya chooni kwako niliiona shimoni. Hii ni ya choo cha mwenye nyumba. Bomba lake limepasuka, linavujia kwenye tenki la chini ya ardhi mnalochota maji!"

Dirisha la mama mwenye nyumba likafungwa taratibu.

Mama mkwe akatazama kikombe mkononi mwake. Kilikuwa kitupu.

Nikangoja aniombe radhi. Wapi! Akatema mate, akambeba mtoto mgongoni, akashika njia. Nikajua ndiyo basi tena.

Akageuka.

"Umeganda nini hapo? Vaa viatu twende. Unabaki hapa unywe nini?"

Nikavaa viatu, nikabeba nguo za mtoto nilizokunja, nikamfuata.

Ndugu zangu, mtoto akiugua, kabla ya kumwita mama yake mchafu, ulizeni kwanza maji yanapita wapi.

Mimi mpaka leo kila beseni nalitoa juani kwanza. Najua halitawaka. Nalitoa tu.